Hmad Aita Jina Moja

Kijijini kwetu, juu milimani, siku ilianza kwa sauti ya Hmad. Alfajiri alipanda kwenye mwamba ulio juu ya mfereji na kuita jina la mkuu wa nyumba yenye zamu ya maji. Walioitwa walijibu, "Tupo," kisha wakashika jembe na kwenda kufungulia maji shambani. Jirani yake, Tuda, alizoea kumtania: "Hmad, jogoo wangu ameacha kuwika. Anasema umemnyang'anya kazi."

Kisha usiku mmoja ardhi ikatetemeka. Kabla birika halijachemka, nyumba zetu za mawe na udongo zilikuwa malundo. Hmad alimpoteza mama yake, Bi Yamna. Yeye, mkewe Rqia na binti yao Itto wakahamia hemani, kwenye uwanja wa kupuria shayiri.

Kulipokucha tuliona jambo ambalo hadi leo nikilisimulia nashusha sauti. Chemchemi yetu, iliyokuwa nyembamba kama uzi, ilikuwa imefumka. Mlima ulikuwa umepasuka, na katika ufa ule maji yalitoka mengi, meupe, yakinguruma. Ardhi iliyowafunika watu wetu ndiyo hiyo hiyo iliyotupa maji. Tulisimama tu. Hakuna aliyejua alie au ashukuru.

Lakini mfereji ulikuwa umebomoka, na maji yale yalipita bure, yakashukia bondeni. Hmad hakuita tena, na zamu zikavurugika. Majani ya mitufaha yalianza kujikunja huku tukisikia ngurumo ya maji. Hmad alilala hemani ameupa mlango mgongo. Mkate aliumega na kuuacha. Usingizi ulimkimbia. Ndugu zake walimwambia avumilie, mwanamume halii. Rqia, kwa huruma, alimfanyia kila kitu. Hata mbuzi alimkataza kuwapeleka malishoni. Wengine walinong'ona kwamba ana jini.

Ndipo akaja Ijja, mhudumu wa afya kutoka kijiji cha chini. Yeye naye nyumba yake ilianguka. Alikunywa chai, akakaa karibu na Hmad, wala hakumharakisha. Rqia alimweleza yote, akauliza kama mumewe amepagawa.

"Hajapagawa, dada, wala si mvivu," alisema Ijja. "Mwili ulioshtuka namna hii hukaa macho, unadhani ardhi itatikisika tena. Na chozi mkilizuia halikauki. Linakwenda ndani."

Akawaeleza wasimnyamazishe tena. Wawe wanakula pamoja naye, wasimwache peke yake. Wampe kazi ndogo moja, kila siku saa ile ile. Na majuma yakipita bila nafuu, wampeleke zahanati. Akisema tu kwamba hataki kuishi, wasingoje hata siku moja, na wasione aibu.

Kisha akamgeukia Hmad. Alimuuliza ni kitu gani kinamlemea kuliko vyote. Hmad aligeuka, akaketi.

"Majina," alisema.

"Majina gani, kaka?"

"Ya zamu. Wengine wamo makaburini. Zamu yetu huitwa kwa jina la mama. Nikimwita, nani atanijibu?"

Sote tulikuwa tumedhani anaogopa mlima.

"Basi usiyaite yote," Ijja alimwambia. "Kesho ita jina moja, la mtu aliye hai. Halafu rudi unywe chai. Ya keshokutwa tuyaache huko huko."

Kesho yake Hmad alipanda, Itto amemshika mkono. Hmad alikuwa hajauona ule ufa. Alipoyaona maji yanavyotoka kifuani mwa mlima, alikaa chini. Akatia mkono ndani ya maji. Alilia sana, na Itto hakumwambia anyamaze. Kisha akasimama juu ya mwamba. Sauti yake ilikuwa inakwaruza.

"Tuda."

"Tupo," Tuda alijibu kutoka chini. Halafu akaongeza, "Umechelewa, baba. Jogoo ameanza kujiona mfalme."

Tangu hapo aliita jina moja kila alfajiri. Alianza kumaliza mkate wake. Usingizi ulirudi kidogo kidogo, na mbuzi wakarudi mikononi mwake. Siku nyingine, akishaita, alishuka mwambani bila neno, na Rqia alimwachia kimya chake, akimmiminia chai tu. Wanaume na wanawake tulitengeneza mfereji, maji yale mapya yakaingia njiani. Zamu za marehemu tuliwapa warithi wao, lakini majina hatukuyabadili.

Ikafika zamu ya nyumba yake mwenyewe. Hmad alipanda juu ya mwamba. Nasi mashambani tuliacha majembe, tukatazama juu.

"Yamna," aliita.

Maji yalinguruma. Kisha kutoka chini ya mitufaha ikapanda sauti nyembamba ya Itto.

"Tupo."

Akafungua mfereji kwa jembe la bibi yake, na maji yakaingia.