Bata Mzinga na Kura za Uingereza

Kila Jumamosi Luciana alipeleka mayai kwa Mzee Kalisti, mpishi wa Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, pale Sumbawanga. Alikuwa darasa la tano, na Kiingereza chake kilikuwa kifupi kuliko mkia wa mbuzi. Majirani wa mtaani kwao Malangali hawakujua hilo, naye hakuwaambia.

Siku hiyo alimkuta mzee jikoni, kisu mkononi, bata mzinga amefungwa miguu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mungu ndiye aliyekuleta! Bwana anarudi jioni kutoka Mwimbi. Mama yake aligombea kiti katika baraza la kaunti kwao Uingereza, na gazeti la matokeo ndilo hili, limefika leo. Nimewaza: akiwa ameshinda, nichinje bata. Akiwa ameshindwa, nipike supu ya dengu, ninyamaze. Lakini bata ni wa Krismasi. Nikikosea, kazi sina. Haya, wewe unayejua Kiingereza, soma!"

Mfuko wa barua ulikuwa umenyeshewa, na tarakimu zote zilikuwa zimevuja wino. Luciana aliona majina manne tu, la mama yule, alilolitambua kwa ukoo wa Bwana, likiwa mwisho kabisa. Maneno ya chini yake yalikuwa giza tupu kwake. Kusema "sijui" kukamshinda. Ndipo akakumbuka maandamano ya kanisani: watoto mbele, mapadri nyuma yao, Askofu mwisho wa wote.

"Ameshinda, babu! Mkubwa huja mwisho."

Bata peke yake ndiye aliyepinga matokeo, lakini hakusikilizwa.

Jioni Bwana Shauri akapokewa kwa vigelegele. Akasoma gazeti, akatazama sahani.

"Kalisti, mama yangu amekuwa wa mwisho. Amemshinda paka wake tu, ambaye hakugombea. Kwa nini umechinja bata wangu?"

Luciana, aliyekuwa amebaki kusaidia jikoni, akaingia kutoka mlangoni.

"Ni mimi, bwana. Sikuelewa gazeti, nikasema nimeelewa. Usimfukuze babu." Akaeleza na habari ya Askofu.

Bwana Shauri akacheka hadi akashika meza. "Nitamwandikia mama kwamba huku Sumbawanga ameshinda! Kata nyama, Kalisti, isipoe."

Usiku ule Luciana alisugua masufuria yote. Mzee Kalisti akamwambia, "Mjukuu wangu, ungesema 'sijui', ungeona haya kidogo tu, ikaisha kabla maji hayajachemka. Uongo wako ulitaka kunila mimi, ukamla bata. Ukweli wako ndio ulioniokoa. Basi siku nyingine anza na huo. Na hilo sufuria, geuza. Chini bado lina masizi."