Nepi Zilizokauka Mvua Ikinyesha

Nepi zilikauka, na mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumapili. Anayesubiri vishindo na mayowe asubiri, kwa sababu mwanzo wenyewe ulikuwa nepi sita tu, zimeanikwa saa mbili asubuhi ndani ya gereji huko Isipingo, kusini mwa Durban, na kabla ya saa tatu zote kavu, zimenyooka kama zimepigwa pasi.

Yvette alizishika moja moja. Huyu alikuwa akifua nguo za wanafunzi wa mtaa wa Glenwood: anachukua mafurushi kwa taxi, anafua kwa mkono, anaanika, anakunja, anarudisha. Na aliyewahi kukaa Durban anajua mvua za mwezi wa kumi na moja. Joto lipo, lakini hewa yenyewe imelowa. Shuka linakaa kwenye kamba siku tatu na linatoka linanuka uyoga. Wakati huo Yvette alikuwa na mtoto wa miezi minne, Elysée. Mgongo ulikuwa umemkatika, na usingizi alikuwa anausikia kwa wenzake tu. Mtu kama huyo akikuta nguo zimekauka, unafikiri atauliza maswali?

Alicheka peke yake. Akasema kwa sauti, kama anayemshukuru mgeni aliyempokea ndoo: "Asante sana. Weye yeyote, ubaki. Kazi iko."

Ndani ya gereji hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mashine iliyofika jana yake.

Mume wake, Sébastien, alikuwa fundi mbao wa kutoka Kamituga, Kongo. Alikuwa akinunua mashine kuukuu za kupepetea dhahabu, anazitengeneza, anawauzia wazungu wanaokwenda kutafuta dhahabu jangwani. Kwao Kamituga dhahabu inaoshwa mtoni. Jangwani maji hakuna, kwa hiyo watu wa zamani walitengeneza sanduku la mbao lililolala mteremko, chini yake mivukuto ya ngozi. Unazungusha mkono wa chuma, mivukuto inapumua, vumbi linapeperuka, dhahabu inabaki kwenye vibao kwa uzito wake. Hii aliipata kwa mjane mmoja, imelala bandani miaka themanini.

"Imesafisha dhahabu maisha yake yote," Sébastien alimwambia mke wake, akiipapasa kama ng'ombe, "na haijaonja tone la maji."

Kesho yake aliivua ile ngozi ya mivukuto. Ndiyo kawaida ya kazi yao: ngozi kuukuu haitupwi, inalazwa juu ya turubai jipya na kuwa kipimo cha kukatia. Turubai likishakatwa, ngozi haina kazi tena. Na Yvette, mwanamke aliyewahi kukimbia vita na sufuria moja, alikuwa hajui kutupa kitu. Ngozi ilikuwa laini kama ndewe ya sikio. Aliikung'uta, akaitandika chini ya shuka la mtoto, mkojo usiharibu godoro.

Tangu siku hiyo nguo zikawa zinakauka chumbani kuliko gereji. Akahamisha kamba. Wanafunzi wakafurahi, wakamletea wenzao. Na Elysée akawa anaamka mkavu.

"Mwanangu hakojoi ovyo," Yvette alijisifu kwa Henriette, jirani yake msusi.

"Eish, Mama Elysée! Miezi minne? Amekuwa pasteur, mchungaji mzima?"

Wakacheka sana. Henriette alikwenda kulisimulia hilo saluni kwake, na mpaka jioni Isipingo nzima ilikuwa na habari za mtoto asiyekojoa.

Wiki ya pili mambo yakaanza kuchosha. Ndoo ya maji iliyofunikwa jioni ilikutwa asubuhi imebaki nusu. Mkate ulikauka mezani ukawa tofali. Midomo ya Sébastien ilipasuka. Chumbani kukaingia harufu ya vumbi lililochomwa na jua, wakati nje barabara nzima ilikuwa mto.

Mchana mmoja Yvette alikuwa anakunja mashati, mume wake amejilaza. Akaacha kukunja.

"Papa Elysée," alinong'ona. "Unasikia?"

"Nasikia mvua."

"Chini ya mvua."

Sébastien akatega sikio. Kitandani kwa mtoto kulikuwa na pumzi mbili. Moja ndogo, ya haraka, wanaijua. Nyingine ndefu, nzito, inavutwa taratibu na kuachwa taratibu, kama ya mzee aliyetoka mbali kwa miguu na hajui atafika lini.

"Ni mafua," alisema Sébastien, lakini hakuinuka kwenda kutazama.

Siku ya tatu kutoka hapo maziwa ya Yvette yakakatika. Elysée alinyonya, akaachia, akalia, na kilio chake hakikuwa na machozi. Utosi wake ukabonyea kama umedidimizwa kwa kidole gumba. Kliniki wakampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko; akanywa, akachangamka, wakarudi naye nyumbani. Walipomlaza kitandani pake, kufikia alasiri utosi ulikuwa umebonyea tena.

Ndipo Yvette akaenda kwa Bi Amne, mwanamke wa Tanga anayeuza ubani na dawa za mizizi pale Warwick, sokoni mjini, Yvette anapobadilishia taxi. Bi Amne akafunga meza yake akaja, njia nzima akilalamikia magoti.

Mlangoni Sébastien akasita. "Mama, sisi ni watu wa kanisa."

"Na mimi ni mtu wa msikiti, baba, na magoti yananiuma. Nirudi?"

Akampisha.

Bi Amne alifukiza ubani gereji, akanusa mashine, akatikisa kichwa. "Hapa alikuwepo. Amehama. Hii kitu ilikuwa na ngozi. Ngozi iko wapi?"

Sébastien akamtazama mke wake. Yvette akakimbia chumbani bila kuvua viatu, akamnyanyua mtoto aliyekuwa mwepesi kama shati lililokauka, akalivuta shuka kwa mkono wa pili, na pale chini ngozi ilikuwa imetuna katikati, ikishuka, ikituna, ikishuka, na kila iliposhuka ilitoa hewa ya moto iliyomkausha macho hata asiweze kuyafumba.

Bi Amne akamshika bega. Akasema na ngozi kwa upole, kama anasema na mpangaji.

"Wewe msafiri. Unataka nini kwa mtoto?"

Sauti ikatoka chini chini, kama mchanga unaomwagwa. "Nimechoka. Nimewapepea wachimba dhahabu wanne mpaka wakafa. Hakuna aliyeninywesha."

"Mtoto kakukosea nini?"

"Niliambiwa nibaki. Niliambiwa kazi iko."

Bi Amne akageuka polepole. "Mwanangu, ulimkaribisha?"

Yvette akamkumbatia mwanawe kifuani. Machozi yangemtoka kama yangekuwepo.

Wakaleta beseni la maji. Likanywewa. La pili, la tatu. Kisha wakapatana: atarudi jangwani na mashine yake, Jumamosi, Mzungu aliyeinunua akija kuichukua. "Ila niende mzima," ilisema sauti. "Nikikatwa, nitabaki."

Mpaka Jumamosi ngozi ilikaa gereji ndani ya beseni, ikijaziwa. Elysée alikojoa siku hiyo hiyo, akamlowesha mama yake mpaka tumboni, na Yvette akacheka huku analia. Ijumaa maziwa yakarudi.

Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa inamwagika. Mafurushi manane yalikuwa yamekaa sakafuni, yamelowa, yanaanza kunuka. Mashuka ya Jumatano yalikuwa bado yanachuruzika kwenye kamba, na wanafunzi walikwisha kupiga simu mara mbili wakitaka nguo zao. Yvette alikwenda gereji kuifunga ngozi kwenye gunia. Akasimama nayo kitambo. Mgongo ulikuwa unamwaka moto. Mkasi wa Sébastien ulikuwa pale pale juu ya meza, na mkono ukaenda wenyewe.

Kipande kilikuwa kidogo, kama kiganja. Mzungu alipofika aliona pengo kwenye ngozi, akadhani panya, akapakia akaondoka.

Sasa uliza Isipingo: nguo za nani zinakauka masika na vuli? Henriette amemchunguza mpaka amechoka. "Umenunua mashine ya umeme, Mama Elysée?"

"Upepo tu, mama."

Kipande kimeshonewa ndani ya mfuko wa kubebea nguo. Kila asubuhi Yvette anaweka kando yake kikombe cha maji. Mwezi wa kwanza kilikuwa kikombe. Mwezi wa pili, jagi. Sasa ni ndoo.

Juzi alikaa kwenye kiti, miguu imevimba, akasikia pumzi kutoka mfukoni. Si ile ndefu ya mzee. Hii ilikuwa fupi, ya haraka, kama ya kitoto kichanga. Elysée, ambaye siku hizi anatambaa, aliisikia pia. Akavuka sakafu mpaka kwenye mfuko, akalaza shavu juu yake, na pumzi mbili zikaanza kwenda pamoja.

Yvette alimwona. Atainuka kumtoa, alijiambia. Akishapumzika kidogo tu.