Pindo la Kukulia

Mfumaji wa masweta ninayemsema ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na si mtu wa kutia chumvi. Akikwambia sweta litakuwa tayari Alhamisi, ni Alhamisi. Kwa hiyo haya nayatoa kama alivyoyatoa yeye, siongezi wala sipunguzi.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Yeye yuko dirishani na sindano zake, binti yake wa miaka sita yuko chini ya meza anajisemea. Mtoto tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Hodi ikapigwa, akaingia mkunga mstaafu, yule aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa. Hata Chiriku alipokelewa na mikono yake.

Mkunga akafungua kitambaa juu ya meza. Ndani alilala mwanasesere wa kike, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Viungo vyake vilikuwa vya gololi: shingo, viwiko, magoti, mpaka vifundo vya mikono. Ukikigeuza kiungo, kinabaki pale ulipokiacha.

"Mfumie kasweta," akasema. "Ila uzi uwe umeshavaliwa na mtoto. Uzi mpya unamwasha."

"Huyu naye anawashwa, bibi?" Mfumaji akacheka.

Mkunga hakucheka. "Nifanyie hivyo, mwanangu."

Mtu aliyemkata mwanao kitovu humwambii hapana. Mfumaji akakubali, akaahidi Alhamisi.

Sasa, wafumaji wa nguo za watoto wana desturi yao. Mikono na kiuno huvifuma virefu kupita kiasi, kisha huvikunjia ndani na kuvishikiza. Mtoto akirefuka, unafungua kidogo. Wenyewe huita pindo la kukulia. Sweta la kijivu la Chiriku lilikuwa na pindo la vidole vinne, akiba ya miaka mitatu. Mfumaji akaona uvivu kutafuta uzi kwingine. Akalifumua pindo lote, akafunga vizuri ncha za sweta, akaanza kazi. Pindo nitafuma jingine, alijiambia.

Jumanne akapima mkono wa mwanasesere: sentimita tisa. Jumatano asubuhi akamvisha, mkono wa sweta ukaishia juu ya kifundo. Akajilaumu, haraka haraka haina baraka, akaongeza mistari minne. Alipomvisha tena baada ya chakula cha mchana, ulikuwa mfupi vilevile.

Akachukua tepu. Sentimita kumi na moja.

Akapima tena. Kumi na moja na nusu.

"Chiriku," akanong'ona, "umemchezea huyu?"

"Hapana, mama." Mtoto naye alinong'ona, yeye ambaye hakujua kunong'ona. "Anajinyoosha mwenyewe. Wewe ukifuma."

Jua lilikuwa linawaka dirishani. Nje watu walikuwa wanapita, wanasalimiana. Mfumaji akamshika mwanasesere kwapani ili amvue lile sweta. Kwapa lilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana meza ile iko kivulini. Akatafuta ncha ya uzi. Alitaka kufumua kila kitu, mshono kwa mshono, arudishe uzi ulikotoka. Akaipata. Akavuta.

Chini ya meza Chiriku akalia.

"Mama, unanivuta."

Akaacha. Akavuta kidogo tena, kwa woga.

"Mama, miguu. Unanivuta miguu."

Akaachia kabisa. Hapo hodi ikapigwa. Mkunga alikuwa amekuja siku moja kabla ya ahadi, na kitambaa chake begani.

"Bibi, mchukue," mfumaji akasema. "Mchukue tu, nakuomba."

Mkunga akazifunga ncha mwenyewe, bila haraka. Akaishusha mikono ya kasweta. Ilimkaa mwanasesere sawasawa.

"Ahsante, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu hakuwahi kukua."

Akamweka begani, akampigapiga mgongo, akaondoka.

Hii ni miaka mitatu sasa. Chiriku ana miaka tisa, na sweta lile la kijivu bado linamtosha. Madaktari wamempima mara nyingi, wanasema ni mzima, tumsubiri. Wenzake aliokuwa akiwapiga chenga uwanjani siku hizi wanamshika mkono kumvusha barabara. Mama yake amemfumia mapindo mapya mara tatu, marefu, na hajafungua hata moja. Nyumbani kwa mkunga wanakaa watu wengine ambao hawajawahi kumsikia. Usiku nasikia jirani yangu analia, ule ukuta hausitiri kitu. Analia kwa sababu alifumua kwa mkono wake mwenyewe, na analia zaidi kwa sababu Chiriku amemuuliza lini atakuwa mkubwa.

Mwezi uliopita, asubuhi, alikuta bahasha chini ya mlango, haina jina la mtumaji. Nilikuwepo alipoifungua. Ndani mlikuwa na jino dogo la mbele, la utotoni, limezungushiwa uzi wa kijivu. Mzizi ulikuwa bado na damu.

Akamwita Chiriku dirishani penye mwanga. Akamwambia apanue mdomo. Akamhesabu meno kwa kidole, moja moja, na mimi nikihesabu naye.

Yalikuwa ishirini. Yote ya utotoni, na hakuna hata moja lililolegea.