Magokoro Amepumzika

Niliamka usingizini nikamkuta shemeji yangu akipima kaburi langu.

Sitanii, wajukuu wangu wa mtandaoni. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua limetulia juu ya majani chai, na Ogoti amesimama kando ya migomba na kamba ya katani mkononi. Anapiga hatua, anachomeka kijiti. Anapiga hatua tena, anachomeka kingine.

Langoni, mdogo wangu Bathsheba ameketi chini, viatu amevua, analia kwa jina langu.

Mimi nimesimama mlangoni pa jiko, humo nilimokuwa nimelala, na blanketi mabegani.

"Shemeji, unapima nini?"

Akageuka. Kamba ikaanguka.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Mama Masese."

"Mama Masese amepumzika," akasema, sauti imekonda.

"Ndio, nilikuwa nimepumzika. Na wewe umeniamsha."

Bathsheba akanyamaza katikati ya kilio kama redio iliyoishiwa betri. Akaja, akanifinya shavu, akaninusa.

"Ana joto," akamwambia Ogoti. "Na ananuka moshi."

"Marehemu hanuki moshi," Ogoti akakubali. Lakini hakusogea.

"Nani amewaambia nimekufa?"

Bathsheba akachomoa simu yake.

"Mke wa mwanao," akasema Bathsheba. "Phanice. Ameandika kwa simu, dunia yote imeona. Tumekuja tukakuta nyumba imefungwa, tukajua uko mochari."

Akanionyesha. Ni mimi kweli. Nimekaa kwa kigoda, macho nimefunga, kidevu kifuani. Rangi zote zimetolewa, imebaki nyeusi na nyeupe. Maua meupe yamenizunguka pande zote. Na chini yake, kwa maandishi ya kupindapinda: *Magokoro amepumzika.*

Nikakaa pale kizingitini.

Phanice ndiye hunikanda magoti. Phanice ndiye hunionjea uji kama una moto. Mtu kama huyo anakuzika mchana kweupe, halafu anaenda kanisani?

Wacha niwarudishe nyuma kidogo, muelewe.

Mimi nasuka ekee. Ni kile kikapu cha mabua ya wimbi tunachopakulia obokima, ugali wetu mweusi, ukakaa na joto mpaka mgeni afike. Nilifundishwa na mama, naye na mama yake. Magokoro kwa lugha yetu ni bibi, ndiyo maana ukurasa wetu unaitwa Ekee za Magokoro. Mwanangu Masese yuko Nairobi, na simu yake hupatikana Krismasi peke yake. Tumebaki mimi, mkewe Phanice, na mtoto wao Kemuma ambaye bado anang'oka meno ya utoto.

Mwaka jana Phanice aliniambia, "Mama, nimepata watu wanapeleka wasichana Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Nikienda, Kemuma atabaki na wewe."

Sikumjibu siku hiyo. Nililea wanangu. Nikalea wa dada yangu mkubwa. Sasa magoti yanalia nikiinama kuchukua kijiko. Nilikuwa nimechoka, wajukuu. Si kuchoka kwa kulala ukaamka sawa. Kuchoka kwenyewe.

Asubuhi yake nikamwambia, "Kabla uende, jaribu kuuza ekee kwa hiyo simu. Ikikataa, nenda."

Akaanza. Kila siku picha moja, ekee juu ya shuka nyeupe. Kesho ekee juu ya shuka nyeupe. Keshokutwa shuka ile ile. Watu walipenda wiki mbili tatu, kisha wakanyamaza.

"Mama, wamechoka," akasema. "Ni kama obokima bila mboga. Wanasema lazima nibadilishe kontenti."

Basi akabadilisha. Siku moja video fupi ya vidole vyangu vikipasua bua. Siku nyingine picha tano za kusukuma kwa kidole, ekee ikianza kama kitovu mpaka ikiwa kubwa. Mara aulize watu, "Hii mistari ya kahawia imetoka wapi?" Mara mimi nasema "Bwakire", salamu yetu ya asubuhi, na kucheka bila sababu.

Wateja wakarudi. Hoteli moja ya Kisii ikaagiza. Maharusi wakaagiza. Nikaanza kuomba kwa imani, Mungu wangu, Phanice asiende.

Lakini kamera inachosha kuliko jembe! Jembe halikuambii urudie.

Na hizi wiki za mwisho akazidisha. Alasiri moja tu alinibadilisha leso mara nyingi.

"Vaa ya bluu, Mama. Sasa ya maruni. Sasa ile ya maua."

"Kwani nimekuwa duka?"

"Ni ili ionekane siku tofauti."

Nikavaa. Sikuuliza. Nilifikiri ni bidii.

Haya, turudi kwa matanga yangu.

Phanice alirudi kutoka kanisani Sironga jua likiwa limeinama. Wakati huo majirani walikuwa wameleta viti. Waombolezaji wangu nilikuwa nawakaribisha mimi mwenyewe, nawapa chai, na kila mmoja ananishika mkono mara mbili kuhakikisha.

Aliona watu, akaona vijiti vya Ogoti kando ya migomba. Biblia ikamtoka mkononi.

"Mama! Mama, ningebaki na wewe leo! Mama, umeniachia nani?"

Akajitupa kwenye nyasi. Nikatoka jikoni na birika.

"Phanice, unamlilia nani?"

Akainua uso umejaa nyasi.

"Si ni wewe?"

"Mimi nimeambiwa na wewe."

Ogoti akamwekea simu puani. Phanice akaangalia. Akaangalia tena. Akaweka mkono mdomoni.

"Mama... nilimaanisha umepumzika. Ya Sabato. Kwamba leo husuki."

"Na maua?" Ogoti akauliza.

"Yalikuwa ya bure humo kwa simu."

"Na rangi umetoa za nini?"

"Wanasema tusiweke picha za aina moja."

"Sasa mmebadilisha aina mpaka mtu mzima akawa marehemu," Ogoti akasema. "Mimi nimeacha ng'ombe bila maji."

Mnaona ilivyokuwa? Kwetu ni Wasabato. Ijumaa jua likishuka, simu ya Phanice inazimwa, inakaa kabatini mpaka jua la Jumamosi lishuke. Sheria hiyo niliiweka mimi. Alipanga ile picha Ijumaa ijitume yenyewe asubuhi, akazima. Kutwa nzima dunia inampigia kuuliza mazishi ni lini, na simu imelala kabatini.

"Futa sasa hivi," Bathsheba akasema. Yeye ameolewa kwa Wakatoliki.

Phanice akaniangalia. Mimi nikaangalia jua. Jua nalo siku hiyo lilikataa kushuka.

Lilipozama, watu walikuwa wameondoka. Ogoti aliondoka na kamba, akaacha vijiti. "Wacha vikae," alisema. "Siku moja vitafanya kazi." Shemeji ni shemeji.

Tuliketi jikoni, Kemuma ananisinzilia mapajani. Phanice akawasha simu. Ilitetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Pole, pole, pole. Na Masese, mwanangu wa Krismasi, alikuwa amepiga mpaka akachoka.

Kumbe lazima mtu afe ndipo mwanawe akumbuke namba.

Phanice akafuta ile picha. Na ilipoondoka, mimi niliyekuwa nachungulia nikaona nyingine chini yake. Zimejipanga kama magunzi darini. Mimi na leso ya bluu. Mimi na leso ya maruni. Mimi na leso ya maua. Kila moja na tarehe yake, mpaka mwezi ujao unaisha.

"Na hizi?"

"Zinangoja siku zao, Mama. Zitajituma."

"Zijitume kwa nini? Kwani wewe utakuwa wapi?"

Akaangalia moto.

Ukuni ukapasuka. Akausukuma ndani.

"Tiketi ni ya Jumatano," akasema. "Nilitaka ukurasa uendelee, wateja wasijue nimeenda. Nilikuwa nakuambia kesho."

Basi ile bidii yote, ile leso vaa, leso vua, ilikuwa ni kuaga. Alikuwa ananiwekea akiba ya mimi mwenyewe.

Ningepiga kelele kama ningekuwa na nguvu. Nilisema tu, "Mchana umenizika bila kujua. Jioni unanizika ukijua."

Akalia kimya, si kama kile kilio cha nyasi. Mimi nikambeba Kemuma nikaenda kumlaza. Sikumwomba abaki. Mtu akiombwa abaki, hubaki akitazama mlango.

Asubuhi ya Jumapili watu walikuwa wameanza kutukana. Ati tunaua bibi tupate wafuasi. Bibi harusi mmoja alitaka kuvunja oda yake.

"Niweke picha yako leo, unacheka," Phanice akasema, macho yamevimba.

"Hapana. Picha hata marehemu anazo."

"Video basi."

"Hata video. Si umepanga zangu za mwezi mzima? Ningekufa leo zingeendelea kusema Bwakire. Weka ile ambayo mtu akiniuliza kitu, namjibu hapo hapo."

"Laivu?"

"Hiyo hiyo."

Aliogopa, hatujawahi kuifanya. Nilikaa kwa kigoda na ekee ambayo haijaisha, leso ile niliyolala nayo. Watu wakaanza kuingia.

"Bibi, uko hai?"

"Niko hai, nimechoka tu. Msichanganye hayo mawili."

Wakacheka. Nikawaeleza yote, Sabato, maua ya bure, Ogoti na kamba yake. Phanice ananisomea maswali kutoka nyuma ya simu.

Ndipo mmoja akaandika, "Huyo anayekusomea ni nani? Hatujawahi kumwona."

Phanice akaliruka hilo swali. Kemuma, ambaye ndiyo anajifunza kusoma, akalisoma yeye kwa sauti, neno kwa neno.

Nikamwambia Phanice, "Geuza simu."

Akaigeuza. Uso wake, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, macho mekundu. Mwaka mzima wa kontenti na hajawahi kuonekana hata kivuli.

"Mimi ni Phanice," akasema. "Ni mimi niliandika vibaya. Mnisamehe."

Yule bibi harusi wa oda alikuwa ndani. Akaandika, na Phanice akasoma mwenyewe, pole pole:

"Sawa Phanice. Lakini harusi ni Jumapili. Ijumaa utaniletea ekee zangu, ama pia hiyo ni ya kujituma?"

Ijumaa, wajukuu. Ijumaa huja baada ya Jumatano.

Phanice aliniangalia nimsaidie. Mimi nikapasua bua langu. Kemuma alikuwa ameshika upindo wa sketi ya mama yake, anazungusha uzi kidoleni. Kuku akaingia, akatoka.

"Ijumaa," Phanice akasema. "Ijumaa nitaleta mwenyewe. Kwa mkono wangu."

Nilipitisha bua mahali pasipo pake. Nikalazimika kufumua mstari mzima.

Jioni wakala wa ile kazi ya Uarabuni alimfokea kwa simu, na Phanice akamwachia afoke. Zile picha zangu za leso akazifuta zote isipokuwa moja. Siku hizi anabadilisha bado, picha leo, video kesho, maswali keshokutwa, lakini kwanza ananiuliza, "Mama, hii inasema nini?"

Somo langu ni dogo, nililipata jikoni. Usilishe watu kwa chombo kimoja kila siku, watachoka. Lakini jua kila chombo kinabeba nini. Uji haupakuliwi kwenye ekee. Ukitaka kuonyesha kazi, video. Ukitaka waone mistari, picha. Ukitaka waamini uko hai, keti mbele yao wakuulize. Na usipange kesho yote ijitume, halafu wewe mwenyewe ukaondoka ndani yake.

Vijiti vya Ogoti bado viko kando ya migomba. Kemuma ameanika leso zangu juu yake.

Sasa macho yananiuma, naenda kulala. Nimesema kulala. Nikinyamaza Jumamosi, tafadhali msilete viti.