Chapati za Jumanne

Kila Jumanne bibi yangu aliamka mapema kukanda unga. Jumanne ni siku ya Hanuman, mungu mwenye sura ya kima, na hekalu lake liko ndani ya hifadhi, mwendo wa saa mbili hivi kutoka kwetu mjini Jaipur. Baba akipata nafasi alitupeleka kwa gari. Jumanne moja safari ilikuwa kwa ajili yangu. Bibi alikuwa ameweka nadhiri kwamba nikifaulu hesabu, nitawalisha kima kwa mkono wangu mwenyewe, nami nilifaulu.

Langoni tulisimamishwa na Bwana Bhanwar, askari wa wanyamapori, aliyetujua kwa majina.

"Mahima, mna chakula cha kima humo?"

"Hatuna, mjomba."

Chapati kumi na mbili zilikuwa chini ya sweta langu, bado zina uvuguvugu.

"Vizuri. Watu wanawarushia barabarani, wanyama wanakuja kugongwa bure."

Tulipopita, Bibi alicheka. "Yule na masharubu yake! Eti atanifundisha mimi ibada?" Nami nikacheka. Mpaka leo nakionea aibu kicheko kile.

Kwenye kona nilishusha kioo nikarusha chapati. Kima jike akashuka mtini mbio, mtoto wake amemng'ang'ania tumboni. Gari lililotufuata likatokeza. Dereva alikanyaga breki kwa nguvu, lakini alikuwa amechelewa.

Bwana Bhanwar alipofika kwa pikipiki, jike alikuwa ameshakufa. Mtoto alikuwa hai, bado ameshikilia manyoya ya mama yake. Dereva, kijana aliyekuwa amebeba watalii, alisimama kando.

"Lete kibali chako," askari alimwambia. "Hapa huingii tena."

"Mzee, nakuomba! Nilikuwa naenda polepole. Mimi sina kazi nyingine!"

"Hayo kamwambie mkubwa wangu."

Nilimtazama Baba. Baba aliutazama usukani. Bibi akanifinya paja.

"Nyamaza wewe! Tumekuja kutafuta baraka, hatukuja kutafuta kesi."

Niliwachukia wote wawili wakati ule, na mwenyewe nikajichukia zaidi. Nikafungua mlango.

"Mjomba, chapati ni zangu. Nilikudanganya."

Bwana Bhanwar alimrudishia dereva kibali chake, akaandika jina la Baba daftarini, kisha akatuamuru tugeuze gari. Bibi alilia kwa hasira. Alisema nimemkosesha hekalu, na kwamba sina haya.

Askari alikuwa amemfunga yule mtoto kwenye skafu yake. Alinijia dirishani, akaniambia bila kupandisha sauti:

"Umesema kweli, na kazi ya kijana yule imepona. Umefanya vizuri. Lakini kweli hiyo ungeisema pale langoni, Mahima, na mtoto huyu angekuwa na mama."