Vichwa vya Mashine ya Tatu

SAA 4:10 ASUBUHI

Chumba kilikuwa nyuma ya karakana ya matairi, kinanuka mpira ulioungua. Nyundo, mkubwa wao, alichora kwa chaki juu ya meza. Mstatili mmoja: kiwanda cha risasi za kulenga shabaha. Msalaba mmoja: stoo.

"Saa saba wafanyakazi wanakwenda kula. Mlango wa nyuma, ufunguo tunao. Dakika kumi. Makasha sita, tunatoweka. Swali?"

"Lazima nipime," akasema Mizani.

Dereva akacheka puani. "Kashaanza huyu."

Mizani alikuwa mkaguzi wa kiwanda hicho kwa miaka kumi na moja. Kazi yake ilikuwa kupima vichwa vya risasi, uzito na urefu, kuhakikisha vinafanana. Siku alipokataa kutia saini fungu lililochanganywa, walimtoa nje na soksi zake za akiba kwenye mfuko.

"Mnunuzi anawauzia walengaji wa mashindano," akaeleza kwa mara ya nne. "Anataka vya mashine ya tatu tu. Vile havipishani hata miligramu tatu. Vya mashine ya kwanza vinapishana mpaka sitini. Kwa macho huvijui. Ukipiga mita mia tatu, kimoja kinaingia katikati, kingine kinakwenda zake. Na yeye atavipima mbele yetu."

"Vina lebo," Nyundo akasema. "Shemeji yako kasema rundo la kushoto."

"Lebo ni karatasi, mkubwa."

Shemeji, mdogo wa mkewe, alikuwa mfungashaji mle kiwandani. Ndiye aliyechonga ufunguo wa bandia. Ndiye pia aliyewakutanisha. "Safari hii utawakomesha, shemeji," alimwambia, na Mizani akavimba kichwa.

Nyundo alifuta chaki kwa kiwiko. Mnunuzi aliwahi kuuziwa vibovu mara moja. Aliyemuuzia sasa anatembelea magongo.

"Dakika tatu za kupima," akasema. "Ya nne nakuacha."

SAA 7:02 MCHANA

Ufunguo ulizunguka bila kelele. Dereva alibaki nje kwenye gari, injini inanguruma. Ndani, stoo ilikuwa na baridi na harufu ya grisi. Rundo la kushoto. Makasha sita. MASHINE YA TATU, ziliandikwa lebo.

Mizani alifungua la kwanza, akaweka mizani yake ndogo juu ya benchi. Mikono ilikumbuka kazi. Kichwa kimoja. Gramu 11.31. Cha pili. 11.34. Cha tatu. 11.29.

"Haiwezekani."

"Nini?"

Alipasua kasha la pili. 11.33. 11.28. Akapuliza kisahani cha mizani, akarudia. Vilevile.

SAA 7:05

"Beba!" Nyundo akafoka kwa sauti ya chini.

"Si vyenyewe."

"Lebo inasema..."

"Nimekwambia lebo ni karatasi! Nimekwambia tangu asubuhi!" Miaka kumi na moja alikuwa akiwaambia watu jambo hili hili, na miaka kumi na moja walimtazama kama wanavyotazama redio mbovu. "Kuna mtu katoa vizuri, akatia hivi. Sasa anataka sisi tubebe makasha ili pengo lake lisionekane. Tumeuzwa, mkubwa."

"Na nani?"

Mizani aliinamia utepe wa kasha. Kila mfungashaji alikuwa na namba yake. Kumi na saba. Akatazama la pili. Kumi na saba. Yote sita.

Alimfikiria mkewe. Akaifunika namba kwa kiganja.

"Nauliza, na nani?"

"Sijui."

Nyundo alichomoa bastola taratibu. "Hujui. Lakini unajua kutuchelewesha. Nani kakutuma utuweke hapa, polisi?"

"Pima mwenyewe! Weka kimoja hapa, soma namba! Kusoma unajua?"

SAA 7:08

Honi ililia nje. Mara tatu, fupi. Walinzi.

Nyundo alimshushia kitako cha bastola juu ya sikio, akabeba kasha moja, akatoka mbio. Tairi zikalia. Dereva hakumngoja mtu. "We mwanaharamu!" Nyundo alipiga kelele uani, kisha ikapigwa risasi moja, kisha ya pili, kisha kukawa kimya.

Mizani aliinuka akishika benchi. Damu iliingia kwenye kola. Angeweza kujificha nyuma ya makasha. Badala yake alifungua la tatu, la nne, la tano, akapima, akapanga vichwa kwa safu, vizito huku, vyepesi kule. Angalau mtu mmoja leo ataelewa.

SAA 7:13

Mkuu wa walinzi aliingia na watu wawili. Nyuma yao shemeji, aproni bado kiunoni.

"Ndiye huyo," akasema. "Nilipoona gari nikawaita. Alifukuzwa hapa kwa fujo hizi hizi za vichwa."

Mizani alimtazama. Shemeji hakupepesa macho.

"Namba kumi na saba ni yake," akasema. "Afande, nakuomba. Usiniamini mimi. Pima."

Mkuu alisogea benchini. Kwa ajabu, alichukua kichwa, akakiweka kwenye mizani. Akasoma. Akachukua kingine. Akakunja uso. Mizani alihisi machozi yanakuja. Mtu wa kwanza aliyesoma.

"Vinapishana sana," mkuu akasema.

"Ndiyo! Ndiyo, afande! Vya mashine ya tatu havimo humu. Hata kimoja!"

"Una uhakika?"

"Hakuna anayejua kuliko mimi."

Mkuu alitikisa kichwa kukubali. Akatoa pingu.

"Basi tuambie vizuri. Lile gari limevipeleka wapi hivyo vya mashine ya tatu?"