Mbegu Haijawa Ugali

Upepo wa Juni ulikuwa ukipuliza sokoni Sumbawanga, na Isdori alikuwa ametoka bila sweta. Ndipo alipojikuta kwenye meza ya masweta ya mtumba ya Bertila, msichana mwenye kitenge cha njano na kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi.

"Kaka, hilo ni la kike."

"Baridi haichagui, dada."

"Haichagui, ila washikaji zako watakucheka!" Bertila akacheka, na Isdori akawa amekwisha. "Kwani wewe kazi yako nini, hata sweta huna?"

Hapo ulimi ulimponza. Angesema tu kwamba ni mwanafunzi aliyerudi nyumbani Chanji kumalizia utafiti. Lakini mwanamume akishatazamwa kwa macho yale, ukweli wa kila siku haumtoshi.

"Natengeneza kipimo cha saratani. Tone moja la damu, inaonekana mapema kabla haijasambaa."

Bertila akaacha kukunja nguo. "Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akaondoka na sweta la kike la bluu, na namba ya simu.

Mapenzi yakanoga. Kila jioni simu iliita.

"Umekula, mpenzi?"

"Ugali wa ulezi. Hao watoto wako wa kwenye kompyuta hawajambo?"

"Wanazaliana tu."

Alikuwa amemweleza jinsi kompyuta ilivyobuni peptidi, yaani vipande vidogo vya protini vya kunasa dalili za saratani kwenye damu. Ilivishindanisha, ikavitupa vilivyo dhaifu, ikachanganya vilivyo bora vizae kizazi kingine, halafu ikaanza upya. Bertila aliuliza maswali mengi. Isdori, kwa kujipenda kwake, alidhani ni mahaba matupu.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa Bertila alipopiga simu mchana. "Dori, kesho twende Mollo kwa mama. Uje na kipimo."

"Kipimo gani?"

"Acha utani. Mama ana uvimbe kwenye titi. Hospitali walitaka kumkata kinyama wakapime, akakataa, anaogopa. Nikamwambia atulie, mchumba wangu ana kipimo cha tone la damu. Anakusubiri wewe."

Isdori aliketi kitandani. "Bertila, kile bado kiko kwenye kompyuta. Hakijapima mtu hata mmoja. Huenda kikachukua miaka. Huenda kisifanikiwe kabisa."

"Kwa hiyo mama yangu amekuwa akisubiri nini?"

Simu ikakatwa, na haikupokelewa tena. Alipomfuata sokoni, Bertila hakuinua uso. "Nenda na utamu wako wa maneno," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kwa kulia.

Isdori alijichukia, lakini hofu ilizidi aibu: yule mama alikuwa bado anasubiri. Kijana haendi ukweni peke yake kabla ya kutuma mshenga, hilo alilijua vizuri. Akapanda bodaboda hadi Mollo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kipimo?"

Kabla hajajibu, mama alikuwa ameshakunja mkono wa sweta lake na kuunyoosha mbele yake. Isdori alitaka kulia. Akatazama juu ya jiko, mahindi yaliyofungwa mafungu yakipigwa na moshi.

"Mama, yale ni ya nini?"

"Mbegu. Nimechagua mazuri tu."

"Tukiwa na njaa leo, yatatushibisha?"

"Mbegu haijawa ugali, mwanangu. Ipandwe kwanza, inyeshewe, ipaliliwe."

"Kipimo changu ni mbegu, mama. Kompyuta inachagua mazuri kama wewe, lakini bado hakijapandwa. Nilimwambia Bertila kimeiva kwa sababu nilitaka anipende. Nisamehe. Twende hospitali wakakate hicho kinyama. Sitakuacha peke yako."

Mama aliteremsha mkono wa sweta taratibu. "Umekuja peke yako kuniambia hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Huna adabu," alisema, akinyanyuka. "Ngoja nichukue kitenge."

Bertila, aliyepigiwa simu na mama yake, aliwakuta kwenye benchi la hospitali. Aliketi upande wa pili wa mama yake, akamshika mkono.

Majibu yalipotoka, ilikuwa saratani kweli, lakini haijasambaa. Daktari alisema wangengoja msimu mwingine, angekuwa na maneno mengine. Baada ya upasuaji, Bertila alilia kwenye lile sweta la bluu mpaka bega likalowa.

"Bado una hasira na mimi?"

"Sana."

"Nikituma mshenga, atafukuzwa?"

Bertila akafuta machozi. "Inategemea atasema nini."

"Atasema mimi ni mwanafunzi. Kipimo sina. Nina kompyuta kuukuu na sweta la kike."

"Asiongeze chumvi?"

"Hata chembe."

Kutoka kitandani, bila kufumbua macho, mama akasema: "Aje kabla ya mvua. Mbegu zangu zinataka mtu wa kuzipanda."